Medali ya zamani ikikufikia mkononi, igeuze kwanza

Watu wengi wakishika medali ya vita cha kwanza wanaangalia sura yake, kichwa cha mfalme, msalaba, nyota, wanasema aisee hii kitu nzuri, afu hapohapo wanauliza ina thamani gani. Mi naanza kinyume. Uso wa medali ndo sehemu inayosema machache kuliko zote, manake uso huohuo umepigwa kwenye medali mamilioni na kila mtengeneza feki anajua kuuiga. Habari yenyewe iko nyuma, iko ubavuni, na iko pale chuma kinaposhikana na utepe au na nguo. Kwa hiyo iwe umeikuta kwenye kopo la vifungo la marehemu babu au umeitoa mnadani, igeuze kwanza ndo tuongee.

Vifaa havitishi. Lenzi ya kukuza mara 10 kama ile anayobana sonara jichoni, sumaku ndogo, kalipa ya kupimia milimita, mizani ndogo inayosoma hadi pointi za gramu, na tochi ya mwanga wa UV, ile ya kukagulia noti. Basi. Vitabu na katalogi za minada utaongeza mdogomdogo, ila bila hivyo vitano utakuwa unabahatisha tu.

Jua kwanza umeshika nini

Hapa ndo watu wanajichanganya. Medali ya kampeni alipewa kila aliyekuwepo kwenye vita ile au eneo lile kwa muda uliowekwa, hata mpishi wa jeshi alipewa, kwa hiyo kuwa nayo hakumaanishi mtu alikuwa shujaa. Medali ya ushujaa alipewa mtu kwa tendo lake mwenyewe. Halafu kuna za utumishi wa miaka mingi, za kumbukumbu ya kutawazwa mfalme, kuna beji za kofia zinazoonyesha kikosi, beji za kola, mabawa ya marubani, na kuna zile medali ndogondogo nusu ya saizi ya kawaida ambazo zinavaliwa na suti ya jioni kwenye hafla, hizo wala sio feki wala sio za watoto, ndo saizi yake.

Ukishajua ni kundi gani, nakili maandishi yote yaliyopo, herufi kwa herufi, hata kama lugha huielewi, na usiiamini tarehe uliyoiona kabla hujajua ni tarehe ya nini. Mfano mzuri ni Msalaba wa Chuma wa Ujerumani. Ulianzishwa 1813 na mfalme wa Prussia, ukarudishwa 1870, 1914 na 1939. Sasa ule wa 1939 mbele una swastika na 1939, ila nyuma umeandikwa 1813, na ule wa 1914 nao una 1813 nyuma, na kila mwaka kuna mtu anatangaza ana msalaba wa enzi za Napoleon kumbe ameshika wa vita ya juzijuzi. Tena kuna toleo la 1957 ambalo Ujerumani Magharibi ilitoa ili maveterani waweze kuvaa bila swastika, pale katikati wakaweka majani ya mwaloni, hilo ni halali kabisa ila sio la wakati wa vita na mtu asikuuzie kama la wakati wa vita.

Wafaransa kwa upande wao wanakurahisishia. Ile Croix de guerre, yaani msalaba wa vita, ya Vita vya Kwanza, yenye panga mbili zilizopishana, nyuma ina mwaka wa kuanza 1914 na mwaka wa pili unabadilika, kuna 1914-1915, 1914-1916, 1914-1917 na 1914-1918, na kwenye utepe wanabandika nyota au tawi la mtende kila mara mtu alipotajwa kwenye taarifa za jeshi. Ile medali ya ushindi ya Vita vya Kwanza ndo mtego mwingine, nchi kadhaa za washirika zilitoa ya kwao, michoro tofauti lakini utepe mmoja wa rangi za upinde wa mvua mara mbili, kwa hiyo ukitambua kwa utepe peke yake utampa Mbelgiji medali ya Mmarekani.

Ubavuni ndo kwenye utamu

Mimi ugonjwa wangu ni medali za Uingereza za Vita vya Kwanza na sababu ni moja tu, zina majina. Mwanajeshi wa kawaida aliyeingia vitani mapema alipata vitu vitatu: nyota ya shaba ya 1914 au ya 1914-15, medali ya fedha yenye mpanda farasi aliye uchi nyuma yake, na ile ya ushindi yenye malaika wa kike mwenye mabawa. Kwenye nyota jina limegongwa nyuma, pale palipo bapa. Kwenye hizo mbili za duara jina liko ubavuni, kwenye ule unene wa medali, na mtu anaweza kukaa nayo miaka thelathini bila kujua kuwa kuna maandishi pale. Izungushe taratibu chini ya taa ukiilaza kidogo, utaona namba, cheo, jina na kikosi.

Namba ndo kitu cha thamani kuliko jina. Akina J. Smith walikuwa wengi mno jeshini, ila namba pamoja na kikosi inakupeleka kwa mtu mmoja. Maofisa wao hawakuwa na namba, na kwenye ile ya fedha na ile ya ushindi ofisa wa jeshi la nchi kavu la Uingereza mara nyingi ana cheo na jina tu bila kikosi, usidhani kimefutwa. Pia usishtuke ukiona kwenye nyota ni praiveti halafu kwenye zile mbili ni sajenti, nyota inabeba cheo alichoingia nacho vitani na zile nyingine zinabeba cheo alichopanda baadaye. Hiyo kwa kweli inanipa raha kuliko medali yenyewe, unamuona mtu anapanda.

Sasa ubaya wa jina ni kwamba linaongeza thamani, na kinachoongeza thamani kinachezewa. Mchezo wenyewe ni kusugua jina la zamani kwa tupa kisha kuandika jipya, la mtu aliyekufa kwenye mapigano maarufu kwa mfano. Ile ya fedha ya Uingereza ina kipenyo cha milimita 36. Nilishawahi kununua moja kwa muuzaji ambaye sitamtaja, alikuwa na maneno matamu kweli, eti imetoka kwenye familia, eti mwenyewe aliuawa kwenye mapigano ya Somme kule Ufaransa, na jina lilikuwa limekolea vizuri kabisa, nikalipa nikiwa natabasamu. Nyumbani nikaweka kalipa. Nikapima kutoka juu kwenda chini, nikapima ubavu kwa ubavu, nikapima kwa mshazari, namba zinatofautiana, zote chini ya 36, na nikiilaza kwenye mwanga naona ubavu umekuwa na kabonde kadogo pale jina lilipo huku sehemu nyingine iko sawa. Kwenye lenzi herufi zenyewe zilikuwa zimechongwa kwa mkono na kuacha mikwaruzo, wakati za asili zimegandamizwa kwa mashine, zote kina kimoja, na chini kabisa ya herufi kuna uchafu wa miaka. Sijaiuza, ninayo, ndo nafundishia watu.

Ukiona ubavuni kuna neno REPLACEMENT au DUPLICATE au herufi R peke yake baada ya jina, hiyo ni ya serikali kweli ila ilitolewa badala ya iliyopotea. Sio feki. Thamani ni chini, basi.

Vita vya Pili mambo yanageuka. Nyota za Uingereza za vita hivyo, ya 1939-45, ya Afrika, ya Burma, ya Italia na wenzake, zote zina ncha sita na zote zinafanana, tofauti ni maneno ya pale katikati na rangi za utepe, na kwa Waingereza wenyewe zilitolewa bila jina kabisa. Afrika Kusini, Australia na India waliandika majina kwenye zao. Kwa hiyo mtu akikuletea nyota nne za Mwingereza zisizo na jina pamoja na picha ya rubani na barua, akakwambia hizi ni za huyu, mwambie asante, nyota ni nyota na picha ni picha, hakuna kinachoviunganisha ila mdomo wake. Kama barua ni ya kweli lipia barua. Na ile nyota ya marubani wa Ulaya, iliyoandikwa AIR CREW EUROPE, iangalie mara tatu, ni adimu kuliko wenzake na ndo maana imeigwa kupita kiasi.

Kuna medali ambazo uso hausemi mengi na kibamba cha juu ya utepe ndo kinasema yote. Ile ya Uingereza ya utumishi wa Afrika ilianzishwa 1902 na ikatumika zaidi ya miaka hamsini, kuna zenye kichwa cha Edward VII, za George V na za Elizabeth II, kichwa kinakupa enzi tu, ila kibamba ndo kinakwambia mwenyewe alikuwa wapi, kama ni Somalia mwaka 1902-04 au Kenya wakati wa Mau Mau. Angalia vibamba vimeshikanaje, vya kweli vimefungwa kwa vijiriveti pembeni. Ukikuta kinatelezateleza tu kwenye utepe kama hirizi, kimeongezwa, swali ni nani kaongeza na lini.

Warusi walienda mbali zaidi, walitumia namba. Nishani ya Nyota Nyekundu ya Usovieti ni ya fedha na enameli, ile rangi ngumu ya kioo inayochomwa juu ya chuma, nyuma ina skrubu na nati badala ya pini, na ina namba yake iliyochongwa ambayo inaingia kwenye kumbukumbu za jeshi. Wanachofanya matapeli ni kubadili tarakimu moja, kwa hiyo lenzi yako ikae kwenye namba, sio kwenye yule askari wa katikati.

Beji za kofia, dunia ya feki

Kwenye medali unaweza kupona kwa kusoma. Kwenye beji unatakiwa ujue chuma. Beji ya kweli ya kofia mara nyingi imepigwa kwa mashine kwenye bati la shaba, na ukiigeuza unaona umbo lote kwa ndani, kama muhuri kinyume, palipoinuka mbele pamebonyea nyuma. Kingo ni kali, matundu kati ya michoro yamekatwa safi na ukiinyanyua juu ya dirisha mwanga unapita. Feki ya kusubu, ile ya kumiminwa kwenye kalibu, mgongo wake uko bapa au una vijishimo kama ngozi ya chungwa, michoro midogo kama manyoya ya ndege imelegea, matundu yamejaa au yamechongwachongwa na tupa, na kwa kuwa chuma hunywea kikipoa basi nakala iliyomiminwa kutoka kwenye beji halisi inakuwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Ndo kazi ya kalipa hiyo tena.

Halafu kuna zile za kuuma kichwa, zilizopigwa juzi kwa kalibu lilelile la asili. Hapo umbo ni sahihi, utabaki na mkia wa nyuma, na lehemu. Mkia ni ule ulimi mrefu unaochomekwa kwenye kofia. Mpya unakuwa mwembamba au mzito kupita kiasi, lehemu inang'aa imetapakaa, na pembeni yake hamna ule weusi uliojaa taratibu. Beji iliyovaliwa kweli imechakaa pale kitambaa cha kung'arishia kilipopita, yaani sehemu zilizoinuka mbele, lakini kwenye mashimo na nyuma bado ina unga mkavu wa dawa ya kung'arishia. Feki iliyozeeshwa kwa asidi imechakaa kila mahali sawasawa, mbele, nyuma, hadi chini ya mkia ambako hakuna askari aliyewahi kupasugua.

Taji ndo njia ya haraka ya kujua umri wa beji za Uingereza. Taji la wafalme wa 1901 hadi 1952 matao yake yamepanda juu kama kuba. La Elizabeth II matao yamebonyea katikati. Sheria rahisi, tuliitumia miaka yote, ila Charles III alipoingia 2022 akarudisha taji la kuba, kwa hiyo sasa hivi kuna beji mpya kabisa zenye taji linalofanana na la babu yake na wajanja wameshaanza kuzitia rangi ya uzee. Kidogo kuhusu malighafi zenyewe: wakati wa Vita vya Pili shaba ilikuwa inahitajika kwingine wakatoa beji za plastiki, za kahawia au kijivu, usizitupe ukidhani ni za kuchezea. Na zile nyepesi zinazong'aa kama dhahabu bila kusuguliwa ni alumini, hizo zilianza miaka ya 1950.

Ukikutana na beji ya fedha ya mviringo imeandikwa FOR KING AND EMPIRE na SERVICES RENDERED, ya pini, itunze. Walipewa kuanzia 1916 watu waliotoka jeshini kwa majeraha au maradhi, ili wakipita mtaani na nguo za raia wasiitwe waoga. Nyuma ina namba. Sio namba yake ya jeshi, ni namba ya beji, lakini rejista zipo na jina linapatikana. Wengi wanaiuza kama bruchi ya fedha kwa uzito, hapo ndo mjuaji anapata bahati yake.

Sumaku nayo ina kazi. Msalaba wa Chuma wa kawaida una kiini cha chuma kilichofungwa kwa fremu ya fedha vipande viwili, sumaku inatakiwa ishike katikati, na kwenye lenzi unaona mshono wa fremu pembeni. Kama ni kipande kimoja kimepakwa rangi, rudisha. Lakini zipo za asili ambazo hazikuwa na kiini cha chuma, kwa hiyo sumaku ikigoma usilie, ikishika pia usishangilie, ni ushahidi mmoja tu. Beji za Wajerumani za mwisho wa Vita vya Pili vilevile zinadanganya kinyumenyume, walikuwa wametindikiwa wakatumia zinki, leo zimekuwa za kijivu zimepauka zinaonekana za ovyo, na kuna watu wanazikataa wakachukua feki inayong'aa.

Utepe

Washa UV gizani. Kemikali za kung'arisha nyuzi zilienea baada ya Vita vya Pili, kwa hiyo utepe au uzi wa kushonea unaowaka weupe wa bluu sio wa 1918. Ila tulia. Utepe ulichakaa na watu wakabadilisha, au mjukuu aliufua na sabuni ya kisasa nayo inawaka. Utepe mpya kwenye medali ya zamani ni jambo la kawaida. Kinachotia shaka ni utepe mpya uliochovywa chai ili uonekane mzee, huo harufu yenyewe inakwambia.

Kusafisha, kwa kifupi acha

Medali yangu ya kwanza niliisugua na dawa ya kung'arishia shaba hadi ikawa kama kijiko kipya, nikampelekea mzee mmoja mkusanyaji kwa fahari zote, akaiangalia, akaiangalia tena, akaniuliza nywele za mfalme zimekwenda wapi. Weusi wa fedha na ukahawia wa shaba ni ngozi, ukiutoa haurudi. Vumbi piga kwa brashi laini kavu. Kutu ya kijani inayolika, ile ya unga, itoe polepole kwa kijiti cha mbao kama cha kuchokolea meno, usitumie sindano. Enameli usiiloweke.

Kuhifadhi ndo watu wanaua mikusanyo bila kujua. Mifuko laini ya PVC inayonuka plastiki inatoa ute unaoacha kijani kwenye shaba, tumia ya polyester au polypropylene. Droo ya mwaloni inatoa mvuke wa asidi. Kitambaa cha sufu na mipira ya kufungia vina salfa, fedha itakuwa nyeusi kama mkaa. Karatasi isiyo na asidi, kijipakiti cha silika kinachonyonya unyevu, na mikono mikavu au glavu, inatosha.

Kutafuta mwenyewe

Ukishapata namba na kikosi cha Mwingereza wa Vita vya Kwanza, nenda kwenye kadi za medali za National Archives ya Uingereza, kundi lao linaitwa WO 372, zinatafutika mtandaoni. Faili zenyewe za utumishi nyingi hutazipata, ghala lake London lilipigwa bomu Septemba 1940 na takriban asilimia 60 ikaungua, ndo maana kile kijimstari ubavuni mwa medali kwa askari wengi ni kati ya vitu vichache vilivyobaki. Marekani nao walipata moto wao, 1973 kule St. Louis, faili milioni 16 hadi 18 za jeshi. Kama yule Mwingereza wako alifia vitani, Commonwealth War Graves Commission watakuonyesha kaburi au jina ukutani bure, na familia yake ilipewa bamba la shaba la milimita 120 ambalo Waingereza wenyewe waliliita peni ya mfu. Lile jina halina cheo, kwa makusudi, na limeinuka kama sehemu ya bamba lenyewe. Ukikuta jina limechongwa kwa kuingia ndani, sio lenyewe.

Sheria angalia kabla ya kununua au kutuma nje. Marekani ni kosa kuuza Medal of Honor. Urusi inakataza biashara ya nishani za serikali zikiwemo za Usovieti. Ujerumani ina masharti ya kuonyesha swastika hadharani, hata kwenye picha ya tangazo.

Na ukipata seti imefungwa pamoja kwenye pini moja, na kwenye ile ya fedha unaona vijishimo vidogovidogo pale ncha za nyota zilipokuwa zinagonga mtu akitembea, usiitenganishe hata kama moja tu ndo unayoihitaji. Andika kwenye kipande cha karatasi uliipata lini, kwa nani, na alikwambia nini, hata kama humuamini, weka pamoja nayo. Tumia penseli, wino unapita.